Haja Ndogo

Aliyeiita ndogo haja hii
hakuamka nayo mara tisa usiku mmoja,
hakushuka ngazi ya mawe akipapasa ukuta
hadi chooni, akachuchumaa,
akasubiri,
akapata matone matatu
na kila tone kaa la moto.

Asubuhi mavyaa akaniuliza bila kuniuliza:
"Mlango wa choo yeo haukulala."
Nikasema ni maji mengi.
Akasema, mm.
Mm yake ina meno.
Kwetu Langoni ugonjwa ulio chini ya kitovu
huulizwa umetoka wapi
kabla ya kuulizwa unaumaje.

Nilikwisha fanya njia yangu Mfungo Sita,
nikaifanya tena Rajabu:
kichochoro cha nyuma, ninja usoni,
kusimama dukani kwa Famau
hadi wanaume wamalize kununua panadoli.
"Nipe zile."
Naye haulizi zile zipi.
Vidonge vya rangi mbili, kumi,
kwa kuwa pesa za ishirini na moja sina.
Siku ya pili moto unazimika.
Siku ya tatu waliobaki nawalaza
ndani ya kopo la uzi, akiba ya kesho.

Kesho ikaja na damu.

Hospitali muuguzi alinihoji akiandika.
Homa? Hapana.
Mgongo, huku ubavuni? Hapana.
Mimba?
Nilitazama sakafu. Hapana.
Kisha Kadzo wa maabara, sauti ya kawaida kabisa,
kana kwamba ananielekeza sokoni:
"Nawa. Ya kwanza iache iende.
Ya katikati ndiyo niitakayo."
Nikarudi na kikopo ndani ya buibui
kama mwizi wa yai la jirani,
nalo bado lina joto la kuku.

Akachovya kijiti chenye viraka.
Kiraka kimoja kikaona haya, kikawa waridi.
"Wamo," akasema,
"ila hatujui wanaogopa nini. Nitawaotesha.
Rudi siku ya tatu."
Kuotesha! Kama mchicha.

Siku ya tatu alinionyesha sahani
ndogo kuliko kisahani cha kahawa,
na juu yake duara za karatasi,
vifungo vya shati la mtoto,
kila kifungo kimelowa dawa yake.
Pembeni mwa kimoja, uwanja mtupu, umefagiwa.
Pembeni mwa kingine, uwanja mdogo.
"Na hiki kisicho na uwanja?"
"Hicho ndicho cha rangi mbili.
Tazama walivyokizunguka,
wageni na sinia la pilau."
Akavua glavu.
"Kila dozi iliyokatwa ni chuo, dada.
Wanasoma. Wanahitimu.
Si wewe peke yako; mji mzima tunawasomesha."

Akanipa za siku tano, asubuhi na usiku, pamoja na chakula.
Mkojo ukageuka rangi ya chai kavu,
kama alivyoniambia, nisishtuke.
Usiku wa tatu nililala moja kwa moja hadi adhana.
Kopo la uzi likaniita kutoka kabatini.
Nikameza, siku ya nne. Nikameza, ya tano.

Nilimwambia mavyaa, kwa kuwa muuguzi aliniambia:
njia yetu wanawake ni fupi tu,
mdudu hahitaji kuletwa na mtu.
Hakusema mm.
Usiku akagonga, kanga kichwani, taa hakuwasha.
"Hazikubaki? Mbili tu.
Miaka yote hii mimi nachemsha mizizi."

Chumvi nitakupa, mavyaa, na sukari,
na nusu ya kitanda changu.
Hizi, hata ningekuwa nazo, hapana.

Asubuhi tulipita wawili, si kichochoro cha nyuma,
punda wakatupisha.
Kadzo akatoa kikopo.
Mavyaa akakigeuza kiganjani.
"Kidogo hivi?"
"Haja yenyewe," nikasema, "si huitwa ndogo."
Akacheka,
kisha akashika ukuta.